Kimya Kwenye Usukani

Honi zilikuwa zimepamba moto. Foleni ya kituo cha mafuta ilivuka geti ikaziba nusu ya barabara, na chanzo chake kilikuwa mwanamume mmoja aliyeshindwa kufungua kifuniko cha tangi la gari lake mwenyewe.

Gari lenyewe lilikuwa la kutazamwa. Lilikuwa gari la spoti, la milango miwili, limelala chini kama linanusa lami, njano ya kuumiza macho, jipya kiasi kwamba karatasi za dukani zilikuwa hazijabanduliwa kwenye vioo vya nyuma. Mwenye gari alivaa shati jeupe lililonyooshwa vilivyo, ila kwapa zilikuwa zimeshalowa. Alilizunguka, akavuta, akapapasa, akarudi alikoanzia. Mhudumu wa pampu alisimama na mpira wa mafuta mkononi akijikaza asicheke.

Msichana mmoja alikuwa anatoka kwenye duka la hapohapo kituoni na chupa yake ya maji. Alivaa gauni la bluu lililomkaa vizuri kiunoni na raba nyeupe, maana kazi yake ilikuwa ya kusimama mchana kutwa: alitengeneza meno ya bandia kwenye karakana moja upande wa pili wa mji, na vidole vyake vilizoea vitu vidogo visivyotaka nguvu. Alisogea, akakibonyeza kile kifuniko kwenye ukingo. Kikafunguka chenyewe.

"Hakivutwi," akasema. "Kinasukumwa."

"Dada, umeniokoa. Hawa watu walikuwa wananila mzima."

"Hili gari ni lako kweli, au umeachiwa ulilinde?"

Mwanamume yule alicheka mpaka akaegemea paa. Alitaka kumpa lifti, msichana akakataa, akamwambia hapandi na mtu ambaye hajatambulishwa kwa gari lake. Kesho yake asubuhi msichana alimkuta amesimama palepale kituoni, wakati tangi lilikuwa limejaa pomoni. Siku iliyofuata pia. Mwishowe akapanda.

Mwanamume huyo alikuwa mchora ramani za majengo, na ofisi yake ilikuwa ng'ambo ya daraja la juu, mbele kidogo ya karakana ya meno. Gari la aina ile alikuwa ameliota tangu shuleni, akiwachorea wenzake pembeni mwa daftari. Sasa aliishi nalo kama bwana harusi na bibi harusi: alilipangusa vumbi kwa leso yake ya mfukoni, aliamka mapema ili awe na muda wa kupita njia ndefu. Na msichana naye, ambaye maisha yake yote alikwenda kazini akiwa amebanwa katikati ya mabega ya watu, alijikuta anasubiri asubuhi kwa hamu. Alipenda harufu ya ngozi mpya ya viti. Alipenda mngurumo ule uliopita kwenye kiti ukampanda mgongoni. Wakishapita taa za mwisho na barabara ikafunguka, mwanamume, ambaye sasa alikuwa mpenzi wake, alikanyaga mafuta, mgongo wa msichana ukazama kitini, majengo yakaanza kukimbilia nyuma, naye akacheka bila sababu, mkono mmoja ameushika mtandio usije ukapeperuka.

"Umeogopa, Daktari wa Vibogoyo?" alimtania.

"Kidogo. Ongeza."

Walizoea kupigiana simu mchana, yeye akiwa na meno ya mtu kiganjani, mwenzake akiwa na penseli sikioni. Dada wa msichana, aliyekuwa anaishi naye, mwenye saluni, alisema hajawahi kuona mtu anayejipaka manukato kwenda kusaga meno.

Hofu ilikuja polepole, ikiwa imevaa nguo za kawaida.

Asubuhi moja taa zilibadilika kuwa za kijani na gari halikusogea. Msichana alidhani anatania. Magari ya nyuma yalianza kupiga honi. Alimgeukia akamwona amekodoa macho mbele, uso umetulia tuli, kidole gumba kinasugua usukani, kinasugua, kinasugua. Alimwita mpenzi. Alimwita kwa kazi yake. Halafu mwanamume akapepesa macho, akaingiza gia, akaendelea na maneno aliyokuwa ameyaachia njiani, kama vile hakuna kilichopita katikati.

"Ulikuwa wapi?" akamuuliza.

"Wapi tena? Si nipo hapa na wewe."

Alijiambia ni uchovu. Lakini siku chache baadaye, wakiwa kwenye simu, sauti ya mwanamume ilikatika katikati ya neno. Simu haikuwa imekatika. Alimsikia anapumua, na nyuma ya pumzi kulikuwa na sauti ndogo ya mdomo, kama mtu anayetafuna kitu ambacho hakipo. 

Dada yake, aliposimuliwa, hakuhangaika. Mwanamume akinyamaza namna hiyo, alisema, kichwani mwake kuna mwanamke mwingine. Neno hilo lilimchoma msichana, lakini pia lilimpa nafuu ya ajabu, kwa sababu mwanamke mwingine ni kitu unachoweza kukiuliza. Akauliza. Mchora ramani alikasirika, akaapa, na kwa siku kadhaa kukawa na ubaridi ndani ya gari ambao hakuna kiyoyozi kilichouleta.

Basi ikafika asubuhi ya daraja la juu. Mvua ilikuwa imenyesha ikakatika, lami inang'aa. Walikuwa kwenye ile njia yao ndefu, ya kuvuka daraja kwanza kabla ya kurudi karakana, wanapanda kwa kasi, mwanamume akisimulia habari za mteja wake anayetaka nyumba isiyo na kona, na katikati ya kicheko akanyamaza. Msichana alihisi kimya kile kabla hajakitazama. Gari lilianza kuvuta upande mmoja, taratibu, kuelekea ukingoni, na mguu wa dereva haukutoka kwenye mafuta. Chini ya ukingo ule kulikuwa na barabara nyingine iliyojaa watu wanaokwenda kazini.

Aliita. Hakujibiwa. Akaurukia usukani kwa mikono miwili, akauzungusha mbali na ukingo kwa nguvu zote. Chuma kilisaga chuma, cheche ziliruka, kioo cha pembeni kiling'oka. Gari lilikwaruza ukingo mpaka kasi ikaisha, maana ule mguu hatimaye ulikuwa umelegea, likasimama. Na hapo ndipo mwanamume alipogeuka, macho yamerudi, yamejaa ghadhabu.

"Umeshika usukani wangu. Unataka kutuua?"

"Hukuwepo."

"Nilikuwa wapi?"

"Sijui. Lakini hukuwepo."

Mwanamume alishuka akatazama ubavu wa gari uliochanika rangi toka mlangoni hadi nyuma. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya chini. Alisema anajua haya yote yametokea wapi, ni wivu uleule, na kama hamwamini basi aseme, asimharibie gari na maisha.  Msichana alikusanya mtandio wake akatembea kwa miguu hadi mwisho wa daraja, huku magari yanampita kwa upepo, na hakuitwa arudi.

Hawakupigiana simu tena. Gari lilipakwa rangi upya. Msichana alilijua kwa sauti, kwa sababu kila asubuhi lilipita chini ya dirisha la karakana likinguruma, na kila lilipopita mikono yake iliganda. Alishika pumzi mpaka ule mngurumo upande daraja, uvuke, upotelee ng'ambo. Ndipo alipovuta pumzi na kuendelea kusaga. Siku ambazo lilichelewa zilikuwa mbaya zaidi. Wenzake walidhani analia mapenzi. Alikuwa anasikiliza kama kuna kishindo.

Alifikiria kumpigia bosi wa mwanamume, akaona huko ni kumvunjia mtu riziki. Mwishoni alikwenda kwa mama yake mchora ramani, ambaye aliwahi kutambulishwa kwake, mama mnene mwenye sauti ya upole. Alimpa shikamoo, akakaribishwa, akaketi ukingoni mwa kochi, na hakujua pa kuanzia. Akaanza na kidole gumba, namna kilivyokuwa kinasugua.

Mama aliweka kikombe mezani.

"Na wewe umeona?" akauliza.

Yeye mwenyewe alikuwa ameona mara kadhaa, mezani, kijiko kikiwa kimesimama hewani. Alijiambia macho yake ni ya kizee. Alijiambia mwanawe ni mtu wa mawazo. Jina la jambo hilo alilijua, alisema, lakini lilikuwa jina ambalo majirani wakilisikia mahali huwa wanahamisha vikombe vyao, na kila alipotaka kulitamka ulimi ulimkatalia. Wanawake wale wawili walikaa wakitazamana, na woga wa mmoja ukaongezeka juu ya woga wa mwingine. Kisha mama akachukua simu akampigia mwanawe palepale. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Mwanawe alisema wamekaa kumjadili kama mgonjwa, akakata.

Haikupita wiki, saa za kabla ya chakula cha mchana, simu ya msichana ikaita, namba ikiwa ya mchora ramani.

"Njoo," sauti ilisema. Ilikuwa sauti ya mtu aliyepigwa na baridi. "Nimepandisha gari juu ya watu."

Teksi ilikwenda kama inatambaa. Njia nzima aliona picha ambazo hakutaka kuziona. Alipofika alikuta magurudumu ya mbele yako juu ya njia ya waenda kwa miguu, meza ya magazeti imevunjika, kurasa zimetapakaa hadi mtaroni. Watu walikuwa wamesimama duara. Muuza magazeti, mama wa makamo, alikuwa ameketi chini kiatu kimoja kimemtoka, akijipapasa magoti kama anayehesabu viungo vyake. Hakuumia. Hakuna aliyeumia.

"Alikuwa ananitazama usoni," yule mama alimwambia. "Macho kodo, wala hakanyagi breki. Nilidhani ananichukia, na mimi simjui."

Mchora ramani alikuwa bado kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, mikono ameibana kwapani kana kwamba anaificha. Shati lake lilikuwa limetoka nje ya suruali. Msichana alizunguka akaingia upande wake wa siku zote, akafunga mlango, kelele za watu zikapungua.

"Nilikuwa naweka indiketa," alisema. "Halafu nikawa hapa. Katikati hakuna kitu. Nimetafuta, hakuna kitu."

"Najua."

"Ulisema sikuwepo, nikakutukana." Alinyamaza kidogo, na msichana akamtazama upesi, lakini alikuwa yupo. "Hivi ninakuwaje? Niambie ninavyokuwa."

Akamwambia. Alimwambia habari za kidole gumba, na mdomo unaotafuna hewa, na uso unavyotulia. Hakupunguza kitu. Mwanamume alisikiliza huku machozi yanamshuka kimyakimya, kisha akauweka ufunguo kwenye kiganja cha msichana na kukikunja kiganja hicho kwa vidole vyake mwenyewe.

Hospitali ilitoa jina lilelile ambalo mama alishindwa kulitamka. Kifafa, daktari alisema, ila si kile cha kuanguka. Hiki humchukua mtu akiwa amekaa na kumrudisha kabla hajajua ameondoka. Dawa zipo, na wengi hutulia. Lakini usukani asiuguse mpaka upite muda mrefu bila hata mara moja, na huenda asiuguse tena kabisa.

Mchora ramani alitaka kuliuza gari siku hiyohiyo. Alisema hataki kuliona limesimama uani likimcheka. Msichana alikataa. Yeye ambaye hakuwahi kuendesha hata baiskeli alijiandikisha darasa la udereva, akafundishwa kwenye kigari kichovu kilichozimika kila kona. Dada yake alimuuliza kama mapenzi yamemla akili. Akajibu kwamba anaogopa mno, na kwa kuwa ataogopa tu, akiendesha au asipoendesha, ni heri aogope huku ameushika usukani yeye.

Ndivyo walivyorudi barabarani. Asubuhi msichana aliketi nyuma ya usukani wa lile gari la njano, mto mdogo mgongoni ili miguu ifike, na mwenzake kando yake amefunga mkanda. Walikuwa na sharti moja: ndani ya gari lazima aongee. Aongee chochote, asome mabango, atukane madereva, asimulie ndoto, mradi asinyamaze. Na aliongea. Alimwambia akanyage kidogo, gari linataka kukimbia, asilinyime haki yake. Barabara ikifunguka msichana alikanyaga, mngurumo ukawapanda wote wawili migongoni, wakacheka kama zamani, ingawa masikio yake hayakuacha kuhesabu maneno.

Basi siku moja, wakiwa wanashuka daraja, mwanamume alinyamaza.

Msichana alimwita jina la mapenzi. Hakujibu. Alimwita tena.  Aliweka indiketa, akapunguza mwendo kama alivyofundishwa, akatoa gari pembeni na kulizima, na kila kitendo kati ya hivyo kilikuwa kirefu kama safari. Ndipo alipogeuka.

Mwenzake alikuwa anamtazama. Macho yalikuwa na maji, na yalikuwa na mtu ndani yake.

"Nipo," alisema. "Nilikuwa natafuta maneno. Nataka kukuoa, nami naogopa kukuomba. Huu woga ulionao sasa hivi, ukinikubali, hautakuacha."

 Msichana aliegemeza paji la uso kwenye usukani mpaka moyo ukarudi mahali pake, magari yakiwapita kwa kasi na kulitikisa gari kidogo.

"Hautaniacha," akasema. "Hata nikikukataa. Nilishaujaribu huo wa kuogopa nikiwa mbali na wewe." Alijifuta uso kwa mtandio. "Ndiyo. Nimekubali. Lakini ukiwa na jambo zito namna hii, anza na sauti."

Akawasha gari, akatazama kioo, akasubiri nafasi.

"Haya, ongea," akamwambia.

Mwenzake akaanza kumtajia watu wa kuwaalika harusini, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya juu kupita mngurumo, nao wakaingia barabarani.