Maiti za Bwawa la Elzenbroek

Saa moja asubuhi, mlinzi wa hifadhi Lieke Habets aliwakuta salamanda kumi na mmoja, wanyama wadogo wa majini wanaofanana na mijusi, wakielea katika bwawa la Elzenbroek, ngozi zao zimejaa vidonda. Ugonjwa aliujua: kuvu isiyo na dawa. Haipeperushwi na upepo, hubebwa. Basi nani aliyeileta?

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa mkulima Sjraar Pluijmen, aliyetaka bwawa lifukiwe apande mahindi.

"Umeingia bwawani lini, Sjraar?"

"Niingie kutafuta nini? Hao wadudu wenu walikuwa wanaisha wenyewe. Ningengoja tu, mkoa ungenipa kibali. Mwenye haraka si mimi, dada."

Ilimuudhi Lieke kwamba jamaa alisema kweli.

Akarudi kwa maiti. Kila salamanda ana madoa yake tumboni, kama sisi na alama za vidole, na wote wa Elzenbroek walikwisha kupigwa picha. Aliwageuza mmoja mmoja. Watano walikuwa wageni. Lango la uzio wa bwawa lilikuwa zima, na funguo zake zilikuwa mbili tu: moja yake, nyingine ya Toos Hendrix, mama mzee wa kujitolea aliyemfundisha kazi.

Toos alimkatia pai ya cheri. Haikuliwa.

"Bibi Toos, wale watano umewatoa wapi?"

Mzee aliweka kisu chini. "Ubelgiji, ng'ambo ya mpaka. Wetu walibaki wachache mno, mwanangu. Bwawa lingefukiwa. Nikabeba ndoo."

"Wewe? Uliyenigombeza nisivuke bwawa hadi bwawa na buti chafu?"

"Buti nilizisugua! Hata ndoo niliisugua. Na wao walikuwa wazima, wamenona. Niliwakagua mwenyewe."

"Siku za mwanzo kuvu haionekani, bibi."

Toos alifunika uso kwa aproni akalia kwa sauti.

Walikwenda bwawani pamoja. Salamanda jike alikuwa amejikokota hadi ukingoni, kidonda kikianza shingoni. Toos aliinama kumwokota.

"Usimguse!"

"Basi tufanye nini, Lieke? Niambie, nitafanya."

Lieke alikuwa na mamlaka ya kumkamata, na alijua atamkamata. Dawa hakuwa nayo. Alimshika mkono mzee wake, wakasimama pale wakimtazama yule jike akihangaika kuvuta pumzi.