Gari Lililopenda Kushoto

Nyumba ile iliamshwa na cherehani kila asubuhi. Mama wa nyumba alikuwa mshonaji. Alishona sare za shule sebuleni, karibu na dirisha, kabla watoto hawajaamka. Mume wake alikuwa fundi rangi. Yeye aliamka akipapasa bega lake la kulia na kulalamika kwamba dari za watu zitamuua. Kisha alijipaka dawa ya kuchua, na harufu yake ilienea mpaka chai ikakosa ladha.

Waliishi na dada mkubwa wa fundi rangi. Watoto walimwita shangazi, mshonaji alimwita wifi. Alikuwa mama mnene, mwenye maneno ya kuchekesha, ila miguu yake ilikuwa haimtii tena. Kila wiki ilibidi apelekwe kliniki kufanya mazoezi ya miguu. Daktari alimweleza waziwazi: akikosa mazoezi hayo, miguu itakakamaa na hatasimama tena. Alikuwa hawezi kupanda basi. Gari la familia, jeupe, dogo, la zamani, ndilo lililomfikisha.

Gari hilo lilikuwa na tabia yake. Lilivuta kushoto. Ukilielekeza mbele, lenyewe linataka mtaroni.

Fundi rangi alikuwa amelipatia dawa. Alipanga ndoo zake za rangi, zilizojaa pomoni, upande wa kulia wa buti. Halafu alimketisha dada yake kiti cha nyuma, upande huohuo wa kulia, aongeze uzito. Alisema gari ni kama mzani: likilalia huku, unaweka mzigo kule. Alijivunia sana ugunduzi huo, na aliwaeleza hata wateja wake.

Wifi hakuupenda upande wa kulia. Asubuhi jua lilimpiga usoni, na maduka yote yalikuwa upande wa pili. Lakini alikubali. Aliwaambia watoto kwamba katika ukoo wao wote, ni yeye peke yake aliyepewa kazi ya kuwa jiwe la mizani.

Mambo yangeendelea hivyo, lakini fundi rangi akapata kazi katika mji mwingine. Ilikuwa kazi nzuri, jengo kubwa la kupaka ndani na nje. Angekaa huko miezi kadhaa. Gari lingebaki nyumbani, na mshonaji ndiye angempeleka wifi yake kliniki. Leseni alikuwa nayo, mpya kabisa. Alikuwa amejifunza kwa gari la chuo cha udereva.

Siku moja, kabla ya safari hiyo, alikaa kwenye usukani, mume wake pembeni, wifi nyuma kulia. Walipita barabara iliyo kando ya mtaro mpana wa maji ya mvua. Ndoo zilikuwa kwenye buti, wifi alikuwa mahali pake, na bado gari lilivuta kushoto. Mshonaji alisikia kokoto zikigonga chini ya tairi. Alitazama pembeni akaona sakafu ya mtaro. Mume wake aliudaka usukani na kulirudisha gari barabarani.

Walirudi nyumbani. Wifi alishuka akishika mlango kwa mikono miwili.

"Ni mikono yako," fundi rangi alimwambia mkewe. "Umezoea cherehani. Mkono wa kushoto unavuta kitambaa kutwa nzima. Sasa unavuta na usukani."

Mshonaji alirudi kwenye cherehani, akauangalia mkono wake wa kushoto. Ni kweli, ndio ulioongoza kitambaa. Kwa muda kidogo aliamini, na moyo wake ukasononeka. Kisha akakumbuka kwamba gari la chuo halikuwahi kumvuta popote. Akakumbuka na jambo jingine. Kitambaa kikikimbia upande, haanzi na kuulaumu mkono. Anaangalia sindano. Halafu uzi. Halafu kile kichuma kinachobana kitambaa. Anaangalia kimoja kimoja mpaka ampate mwenye kosa.

Akazima cherehani, akamfuata mume wake uani.

"Baba watoto, mimi simpakii wifi yangu kwenye gari hili mpaka nijue linavutwa na nini. Na kliniki haitamsubiri. Kwa hiyo nitajua."

Fundi rangi alimwambia kuwa ameliendesha gari hilo muda mrefu bila kuua mtu. Mshonaji hakubishana naye. Alijifunga kanga yake vizuri, akatoka kwenda nyumba ya pili.

Nyumba ya pili aliishi Bi King'ora. Alikuwa ameendesha gari la wagonjwa mpaka alipostaafu, ila watu wa mtaa walisema jina lile alipewa kwa ajili ya sauti yake. Akimwita paka wake, jirani wa mbali anaitika. Alisikiliza habari yote bila kukatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akauliza maswali. Gari linavuta muda wote, au ukikanyaga breki tu? Lilianza ghafla baada ya kugonga shimo, au lilikuja polepole? Mshonaji alijibu kwamba linavuta muda wote, na lilikuja polepole.

Walikwenda pamoja kwenye gari. Bi King'ora alifungua buti, akaziona ndoo. Akamtazama fundi rangi. Akamtazama wifi, aliyekuwa amekaa barazani.

"Na huyu pia ni mzigo wa kulia?" aliuliza.

"Mimi ndiye mkubwa wa ndoo," wifi akajibu.

Bi King'ora alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaacha kucheka. Alisema ndoo zote zitoke. Uzito hauponyi gari, unaficha ugonjwa tu, na ugonjwa uliofichwa unaendelea kukua. Fundi rangi alizishusha moja moja, uso umemshuka.

"Sasa tunaanza na kilicho rahisi," Bi King'ora alisema. "Upepo wa tairi. Tairi lisilo na upepo wa kutosha linalivuta gari upande wake."

Kituo cha mafuta kilikuwa jirani tu, na Bi King'ora aliliendesha gari polepole mpaka pale. Alieleza kwamba upepo hupimwa tairi likiwa bado baridi, kabla ya safari ndefu. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko, pale mlango wa dereva unapofungia. Mshonaji alipima mwenyewe. Tairi la mbele kushoto lilikuwa limepungua sana. Wakaliongeza upepo, na mengine wakayasawazisha.

Fundi rangi alichangamka. Alikumbusha kwamba yeye alisema ni kitu kidogo. Hakuwahi kusema hivyo, lakini walimwacha.

Walikwenda kujaribu kwenye uwanja wa lami nyuma ya ghala moja. Ilikuwa siku ya mapumziko, na mlinzi aliwaruhusu. Bi King'ora alisema barabara nyingi zina mteremko mdogo kuelekea pembeni, ili maji ya mvua yatoke. Hata gari lisilo na kasoro linaweza kuvutwa pembeni kidogo kwa sababu ya mteremko huo, nawe ukadhani ni bovu. Kwa hiyo lipimwe mahali tambarare, pasipo na watu wala magari. Mwendo uwe mdogo. Mikono ibaki kwenye usukani, ila isibane.

Mshonaji aliendesha. Gari lilikwenda mbele kidogo, kisha likaanza kupinda kushoto. Lilivuta kidogo kuliko mwanzo, lakini lilivuta.

"Limepungua," fundi rangi alisema. "Si inatosha?"

"Limepungua, halijaisha," mshonaji akajibu. "Tuendelee."

Bi King'ora alisema sasa wayabadilishe matairi ya mbele, la kushoto liende kulia, la kulia lije kushoto. Tairi huweza kuharibika ndani bila kuonekana kwa nje. Kwanza aliangalia ubavuni, kwa sababu matairi mengine yana mshale unaoonyesha yanakozungukia, na hayo hayahamishwi hivihivi. Ya kwao hayakuwa na mshale. Walivuta breki ya mkono, wakaweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, kisha ndipo wakapiga jeki. Fundi rangi alipotaka kuingiza kichwa chini achungulie, Bi King'ora alimzuia kwa sauti iliyomwamsha mlinzi wa ghala. Chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake hapaingii mtu, alisema, hata kwa dakika moja.

"Likigeuka na kuvuta kulia, mwenye kosa ni tairi," alieleza. "Likiendelea kushoto, tairi halina kesi."

Likaendelea kushoto.

Sasa alimtaka fundi rangi aendeshe. Yeye alikaa pembeni, mshonaji nyuma. Gari lilikwenda limenyooka kama rula. Fundi rangi aligeuka kidogo amwone mkewe, akitabasamu. Bi King'ora hakutazama mbele. Alitazama mkono.

"Mkono wako wa kulia unafanya nini?"

"Umeshika usukani."

"Haujashika. Unavuta kamba. Na bega linalokuuma ni la upande gani?"

Fundi rangi aliondoa mguu kwenye mafuta. Gari likasimama lenyewe mara moja, kabla hajakanyaga breki. Alikuwa amelivuta gari hilo kulia kwa muda mrefu mpaka amesahau kama anavuta. Alizilaumu dari za watu bure. Mshonaji alitaka kucheka, lakini kitu kingine kilimshughulisha.

"Mbona limesimama haraka hivyo?" aliuliza. "Hujagusa breki."

Bi King'ora alimgeukia kwa furaha. "Hilo ndilo nililokuwa nalisubiri. Shukeni."

Aliwaonyesha namna ya kupima joto. Usiguse gurudumu, litakuunguza. Sogeza mgongo wa kiganja karibu nalo, usikilize. Mshonaji alianza na gurudumu la kulia. Palikuwa na uvuguvugu tu. Akaenda kushoto. Joto lilimpiga mkononi kabla hajafika, na likaja na harufu aliyoijua vizuri. Ni harufu ya pasi iliyosahaulika juu ya kitambaa.

"Breki," alisema. "Inabana hata mguu ukitoka."

Ndivyo ilivyokuwa. Bi King'ora alieleza kwamba breki ya kushoto haiachii. Gurudumu la kushoto linazuiwa, la kulia linakwenda, kwa hiyo gari linageukia upande wa lile lililozuiwa. Breki ya namna hiyo hujichoma yenyewe. Siku unapoihitaji kweli, mteremkoni, huenda usiipate. Na gurudumu likizidi moto, linaweza hata kuwaka.

Mshonaji aliiwaza ile barabara ya kando ya mtaro, na wifi yake nyuma, na miguu isiyoweza kukimbia. Fundi rangi naye alikuwa ameinama, mikono magotini.

"Mama watoto, niliusingizia mkono wako," alisema. "Nisamehe. Na dada yangu nilimkalisha juu ya hatari, nikamwita uzito."

Alitaka walirudishe gari nyumbani taratibu. Mkewe alikataa, na Bi King'ora alikataa kwa sauti kubwa zaidi. Gari halikwenda popote. Walimwita fundi magari palepale, akaja na vifaa vyake. Alifungua gurudumu likiwa limepoa. Chuma kinachobana breki kilikuwa kimeshika kutu kwenye pini zake, hakitelezi kurudi nyuma. Pedi za kushoto zilikuwa zimelika mpaka kubaki kama ukucha, za kulia bado nene. Alisugua kutu, akapaka grisi yake maalumu, akaweka pedi mpya pande zote mbili. Pedi hubadilishwa kushoto na kulia kwa pamoja, alisema, la sivyo gari litavuta tena wakati wa kusimama. Akawashauri baadaye wakapime alaimenti, yaani kama magurudumu yanatazama mbele sawasawa. Lakini alimsifu mshonaji kwa kutoanza nayo. Wengi hukimbilia huko, wanarudi nyumbani na breki ileile iliyoganda.

Fundi rangi aliomba awe wa kwanza kujaribu. Aliondoka, na mara gari likaanza kwenda kulia. Akalirudisha, likaenda kulia tena.

"Sasa linavuta kulia," alisema kwa hofu. "Fundi ameliharibu."

Mshonaji alichukua usukani. Mikono yake miwili iliushika bila kubana, ule wa kushoto ukiongoza kama unavyoongoza kitambaa. Gari lilikwenda mbele, limenyooka, mpaka mwisho wa uwanja.

"Halivuti," alimwambia mume wake aliporudi. "Ni wewe."

Bi King'ora alisema gari limepona, amebaki dereva. Fundi rangi alifanya mazoezi mpaka alipoondoka kwenda kazini, na kabla hajaondoka ile chupa ya dawa ya kuchua ilikuwa imewekwa juu ya kabati, haitakiwi tena.

Siku ya kliniki ikafika. Mshonaji alipima upepo matairi yakiwa baridi, akalizunguka gari, akatazama kila gurudumu. Wifi alishikwa mkono mpaka kwenye gari, akasimama. Kwa mazoea alishika mlango wa kulia. Kisha akauachia, akazunguka taratibu, akaketi kushoto.

Kwenye barabara ya mtaro mshonaji alipunguza mwendo. Aliusikiliza usukani. Ulikaa katikati, mwepesi, haudai kitu. Mtaro ulipita pembeni na kubaki nyuma. Wakaingia mtaa wa maduka.

"Wifi, simama hapo," sauti ya wifi yake ilisema ghafla kutoka nyuma.

Mshonaji aliuliza kuna nini.

"Kuna viatu kwenye dirisha la duka lile. Daktari anasema nikiendelea hivi nitatembea, na mimi sitaanza kutembea na ndala."

Mshonaji alitazama kioo, akakanyaga breki. Gari likasimama palepale alipotaka lisimame.