Mtaa Mkavu wa Kisiwani

Saa saba kamili mchana, Leokadia Msemwa alisimama katikati ya mafuriko ya Kisiwani bila kulowa hata unyayo. Alikuwa studio ya taarifa ya habari, Dodoma, mbele ya ukutanuru: ukuta wa taa mamilioni, kila moja ndogo kuliko punje ya ulezi, zilizochora mtaa mzima nyuma yake. Juu ya kamera lilikaa jichofuasi, kifaa kinachopima kamera imeelekea wapi. Kamera ikisogea shibiri moja, mtaa nao unasogea, na mtazamaji yuko tayari kuapa kwamba binti wa watu yuko Kisiwani kweli.

Mtaa huo ulikuwa kazi ya Zamoyoni Kihiyo, fundi wa mandhari. Hakuujenga siku hiyo. Aliupiga picha pembe zote wakati wa kiangazi, alipokwenda likizo kwa shangazi yake Tunu, akauweka kwenye ghala la mandhari. Picha za siku hiyo, zilizoletwa na vindege vya kamera, zilitikisika kwa mvua, na studio ilikuwa na desturi yake: picha ikitikisika, chukua ya ghalani. Kizuri chajiuza.

"Tia mawingu," alisema Bwana Kiwia, mtayarishaji wa taarifa. "Na madimbwi mawili matatu."

"Maji yamefika wapi huko sasa hivi?"

"Leokadia atasema. Wewe tia madimbwi."

Zamoyoni akatia. Pembeni chini aliandika "mandhari ya ghalani" kwa herufi za sisimizi, maana kila mtu pale aliamini kwamba maandishi makubwa yanaharibu picha. Leokadia akasoma kwamba mto umevunja kingo na mtu yeyote asirudi bondeni. Nyuma yake mlango wa kijani wa shangazi ulionekana wazi, kizingiti kikavu, na tuseme ukweli, Zamoyoni aliona fahari.

Simu za mafundi hufungiwa kabatini wakati wa matangazo. Alipoichukua yake alikuta ujumbe wa sauti.

"Zamo, baba, tuko salama shuleni, huku mlimani. Nimeuona mlango wangu kwenye runinga, pakavu kabisa. Nashuka mara moja nikachukue dawa zangu za presha, nilizisahau."

Ujumbe ulikuwa na umri wa dakika thelathini. Akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena na tena, mpaka kidole kikaizoea namba na kichwa kikaacha kufikiri.

Saa kumi simu iliita. Alikuwa Mama Shekue, jirani wa shangazi.

"Tumempata, baba. Maji yalimkuta njiani, hakufika hata nyumbani. Tulimzuia. Hata Leokadia tulimsikia anakataza. Lakini shangazi yako akasema, ile picha anaitengeneza mwanangu, hawezi kunidanganya."

Zamoyoni alisema ahsante. Hakulia. Alingoja uchungu uje, haukuja. Mbele yake mtaa ulikuwa ungali ukutani, na jua la kiangazi likipenya chini ya mawingu aliyoyabandika.

Bwana Kiwia akachungulia mlangoni. Hakuwa na habari yoyote.

"Taarifa ya saa kumi na moja tunarudi Kisiwani. Safari hii wanataka maji yenyewe. Tuyaweke kimo gani?"

"Yamefunika milango," alisema Zamoyoni, akaketi, akaanza kuyapandisha.