Maswali ya Benchi la Kinyozi

Baba yangu alikuwa kinyozi mwenye kiti kimoja. Mbele ya kiti palikuwa na kioo, na kando ya ukuta palikuwa na benchi la watu watano. Siku za mwisho wa wiki benchi lilijaa, na wengine walisimama mlangoni. Mtu akingoja sana huanza kutazama saa. Akiitazama mara tatu, huondoka kwenda kwa kinyozi mwingine. Baba aliliona hilo mapema, akalitafutia dawa.

Dawa yenyewe ilikuwa chemshabongo. Huku mkasi wake ukilia, aliwauliza swali wote waliokaa benchini. Aliyepatia alisogea nafasi moja kuelekea kwenye kiti. Aliyekosea alibaki palepale, akachekwa. Tangu hapo hakuna aliyekumbuka saa. Watu wazima, wenye wake na watoto, walibishana kuhusu miguu ya buibui mpaka aliyekuwa kitini akakaukiwa na sabuni mashavuni. Alikuwepo mzee mmoja tuliyemwita Upara. Kichwani hakuwa na unywele hata mmoja, lakini kila Jumamosi alikuja, akakaa mwisho wa benchi, akaulizwa, akacheka, akaenda zake. Hakuwahi kunyolewa.

Mimi na mdogo wangu tulifagia nywele karibu na kiti. Mpaka leo nikisikia harufu ya spiriti na poda, namsikia baba akisema, "Haya, swali." Nimepata furaha nyingine maishani, lakini sijapata iliyo rahisi kama ile.

Baada ya miaka thelathini na moja, mikono ya baba ilianza kutetemeka. Hakungoja mpaka amkate mtu sikio. Alifunga duka mwenyewe, akauza kiti na kioo, akaleta benchi nyumbani. Kisha akanyamaza. Hakuwa na hasira na mtu. Alikula, alisikiliza redio, alilala. Ukimsalimia anaitikia, ukimuuliza jambo anakujibu kwa neno moja. Mama alizoea kusema, "Siku hizi nimeolewa na redio." Alisema kwa mzaha, lakini niliona hamtazami mtu machoni anaposema hivyo.

Nilitaka kuisikia tena sauti ya baba ndani ya nyumba ile. Mengine yote niliyofanya yalitoka hapo.

Mdogo wangu anachora vibao vya maduka. Mimi nauza dawa katika duka la dawa. Tukapatana tutengeneze mchezo: ubao wenye picha ya benchi, na kadi za maswali. Watu wanunue, wacheze kwenye sherehe zao. Tulipomweleza baba, alisema, "Fanyeni." Akaongeza sauti ya redio.

Kwa wiki moja tuliandika maswali mia mbili. Tukacheza wenyewe mezani, mama akitushangilia, tukajiona tumemaliza kazi. Mdogo wangu alitaka tukope, tuchapishe maboksi elfu moja kwa mpigo. Nami nikaafiki. Basi nikaenda kuuliza bei kwa jirani yetu mwenye duka la uchapaji. Ni mama mtu mzima ambaye vidole vyake sijawahi kuviona safi, na mtaa mzima unamwita Bi Wino.

Bi Wino hakunitajia bei. Aliniuliza tumeucheza mchezo na nani. Nikamjibu kwamba tumeucheza nyumbani, na wote wameupenda.

"Wa nyumbani watakula hata mchuzi usio na chumvi, binti," alisema. "Wamekuzoea. Mchezo unapelekwa kwa wasiokujua. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Akanieleza la kufanya. Tusichapishe chochote kwanza. Tukate kadi kwa mkasi, tuandike kwa mkono, na sheria za mchezo tuziandike kwenye karatasi moja. Tuwape wageni, kisha tukae kando na kunyamaza. Tusieleze wala tusisaidie. "Ukishauza boksi," alisema, "wewe humo ndani hutakuwemo."

Tulikwenda kwenye karakana ya mafundi cherehani, saa ya mapumziko ya mchana. Mafundi wanawake sita walikubali kucheza. Bi Wino alikaa karibu nami, naye alijua kwa nini. Swali la kwanza liliuliza ni nani mtaani kwetu aliyezoea kwenda kazini akibeba viatu mkononi. Sisi nyumbani tuliliona tamu sana. Wale mafundi walitazamana. Nikafungua mdomo nieleze, Bi Wino akanikanyaga mguu.

Swali la pili halikuwa na shida, na la tatu pia. Lakini fundi mmoja alikuwa amesoma kuliko wenzake, akajibu yote. Alisogea, akasogea, mpaka akafika kitini peke yake. Wenzake wakatoa simu. Mmoja alirudi kwenye cherehani yake kabla mapumziko hayajaisha. Mtu akiona kazi ni bora kuliko mchezo wako, huna mchezo.

Njiani niliona aibu. Bi Wino alisema kwa upole kwamba afadhali aibu ya kadi za mkono kuliko aibu ya maboksi elfu moja chini ya kitanda.

Jioni ile nilikwenda kukaa na baba kwenye benchi lake. Nikamwambia ukweli. Mchezo umetushinda, aliyesoma anajibu yote, wengine wanachoka. Nikamuuliza yeye alifanyaje miaka yote ile.

Alipunguza sauti ya redio.

"Nani anachagua habari ya swali?" aliuliza.

"Kadi, baba."

"Kadi inamjua nani?" Akatikisa kichwa. "Kwangu alichagua aliyekaa mwisho wa benchi. Huyo ndiye anayengoja kuliko wote. Akisema mapishi, nauliza mapishi. Akisema ujenzi, nauliza ujenzi. Hata mwalimu mkuu alikwama kwenye ujenzi, mwanangu. Unadhani Upara alifuata nini kule mwisho?"

Sisi watoto wa kinyozi tulikuwa karibu na kiti siku zote, tukifagia. Hatukuwahi kukaa mwisho wa benchi hata siku moja. Ndiyo maana tulilikumbuka swali na jibu na kicheko, tukaisahau sheria iliyobeba vyote. Nilitamani aendelee kusema, lakini alikuwa amekwisha rudi kwenye redio yake.

Tulianza upya. Kila kadi sasa ilikuwa na maswali manne: la jikoni, la kazini, la mwilini na la duniani. Aliye nyuma kabisa ndiye anayechagua. Maswali ya mtaani kwetu tuliyatupa. Tulitupa pia yale ambayo jibu lake hubadilika kila mwaka. Kila jibu tulilihakiki katika vitabu viwili, na mengine ambayo ningeweza kuyaapia yakaonekana ni ya uongo mtupu.

Tukarudi karakanani. Safari hii yule msomi alikwama jikoni, na aliyekuwa nyuma akampita huku akimpungia mkono. Msimamizi alikuja kuwaita kazini. Wakamtupia swali. Akakosea, akavuta kiti. Mimi nilitoka nje nikajifuta machozi, maana ilikuwa kelele ileile ya duka la baba.

"Sasa," alisema Bi Wino, "tuzungumze habari ya fedha."

Hakutaka tukope. Alitueleza kwamba ziko tovuti za kuchangisha fedha kutoka kwa umma. Unaweka picha ya kitu chako, unaeleza ni nini, bei ya boksi moja, na lini litafika. Unataja kiasi unachohitaji na siku za kuchangisha. Watu wanalipia mapema. Kiasi kikitimia, unapewa, unachapisha, unawatumia maboksi yao. Kisipotimia, katika tovuti aliyotuonyesha, kila mtu anarudishiwa chake na hakuna anayemdai mwenzake.

"Kwa hiyo ni kuomba," nilisema.

"Si kuomba. Ni kuuza kwa ahadi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ahadi ni yako peke yako."

Alitukalisha tuhesabu. Mimi niliandika kadi, ubao na boksi, nikapiga mstari. Bi Wino akaniuliza maboksi yatakwenda kwa wenyewe kwa miguu yao? Nikaongeza gharama ya kutuma, ya kufungia, na asilimia inayokatwa na tovuti. Tukaona kwamba maboksi mia tatu yanatutosha kuanza. Siku thelathini.

Hapo mdogo wangu akaleta maneno aliyoyaandika ya kuwekwa juu ya ukurasa: "Msaidieni kinyozi mzee mgonjwa." Nakiri kwamba niliyasoma nikaona yanafaa. Baba aliyasikia kutoka chumba cha pili.

"Mimi si mgonjwa," alisema. "Nimestaafu. Futeni."

Tukafuta. Bi Wino alisema mtu akikupa kwa huruma atakupa mara moja, lakini akipenda mchezo atawaambia na wenzake. Basi tuliwaomba ruhusa wale mafundi, tukawapiga video wakicheza, dakika moja tu. Chini yake tukaandika sheria, bei na tarehe.

Siku saba za kwanza walichangia ndugu na marafiki. Baada ya hapo, kimya. Kazini nilichungulia simu mpaka mteja mmoja akaniuliza kama dawa yake ya kikohozi inatafutwa mtandaoni. Nilikaribia kufa moyo. Bi Wino alituambia ukurasa ni duka. Hufungui duka ukaenda kulala. Tukaanza kuweka swali moja kila asubuhi. Anayeandika wa mwisho leo ndiye anayechagua habari ya kesho. Watu wakaanza kuvizia nafasi ya mwisho, wakabishana, wakaitana. Kila aliyeuliza jambo tulimjibu, hata aliyeuliza kwa ukali. Siku ya ishirini na sita kiasi kikatimia, na mpaka mwisho tukawa na watu mia tatu na kumi na wawili. Nilimwambia baba. Alisema, "Vizuri." Neno moja tu, kama kawaida.

Hatukuchapisha yote mara moja. Bi Wino alichapa boksi moja la mfano, mama akavaa miwani yake, akasoma kadi ya kwanza, akaivua. Herufi zilikuwa ndogo mno. Mdogo wangu akazipanga upya, na hilo lilituchelewesha wiki mbili. Tuliwaandikia wachangiaji sababu ya kuchelewa kabla hawajatuuliza. Wawili walinuna. Wengine walitushukuru kwa kusema kweli.

Maboksi yakaenda. Ndani ya kila boksi tuliweka kadi moja tupu na namba ya simu ya nyumbani. Tuliandika hivi: "Andika swali lako. Ukitaka, mpigie kinyozi." Hilo lilikuwa wazo langu, na sikumwomba baba ruhusa.

Siku tisa simu haikulia. Siku ya kumi, asubuhi, ililia baba akiwa karibu nayo. Alitutazama, hakuna aliyesogea, ikambidi aipokee. Alikuwa mwanamke wa mji ambao hatujawahi kufika. Alicheza na jamaa zake, na sasa alikuwa na swali lake. Sikio la mtu lina mifupa midogo mingapi ndani yake?

Baba alifikiri. "Hamna," alisema. "Sikio halina mfupa."

Mwanamke alimwambia ni mitatu, na ni midogo kuliko mifupa yote ya mwilini. Baba alijipapasa sikio. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika benchi kwa mkono wake unaotetemeka.

"Miaka thelathini na moja, mama," alimwambia yule mwanamke, "nimeshika masikio ya watu kila siku, na sikujua. Mitatu! Haya, ngoja, na mimi nina langu. Una nafasi?"

Alikuwa na nafasi. Baba akauliza, akabisha, akamsimulia habari za duka, za watu wa benchini, za siku umeme ulipokatika mteja akiwa amenyolewa upande mmoja. Habari nyingine hata mimi sikuwahi kuzisikia. Redio ilikuwa ikiendelea kusema, na hakuna aliyeisikiliza.

Mama alinifuata jikoni, akafunga mlango ili asisikike. Alikuwa akicheka na machozi yakimtoka.

"Huyu mume wangu," aliniuliza, "ataacha kusema saa ngapi?"

Nilimwambia swali hilo sina jibu lake, na sitaki kulitafuta.