Kila Mtu Msimamizi

Rangel na mkewe Tsonka wana duka la kuchapa matangazo ya vifo hapa mjini Kazanlak. Kazi haikauki. Mtu akifa, tangazo lenye picha yake hubandikwa mlangoni na kwenye miti, na kila mwaka hubandikwa jingine la kumkumbuka. Picha zote za marehemu hukaa kwenye seva, ile kompyuta kubwa ya chumba cha nyuma.

Wote wawili waliingia humo kwa akaunti ya msimamizi, yenye ruhusa ya kufanya lolote. Waliiacha wazi kutwa.

"Tufungue akaunti za kawaida," Tsonka aliwahi kusema.

"Za nini? Tufichane mimi na wewe?" Rangel akacheka. "Mume na mke neno la siri moja."

Basi seva ikajaa. Rangel akafuta kwanza nakala za akiba zilizokuwa humo humo, eti zinakula nafasi. Kisha, kwa haraka zake, akafuta folda aliyodhani ni ya matangazo ya zamani. Kumbe ilikuwa moja ya folda za picha. Mashine haikumbishia. Msimamizi habishiwi.

Mchana akaja Bibi Rada. Mwanawe Lyuben alifia mgodini, na baadaye nyumba yake bibi ikaungua na picha zote. Iliyobaki ni ya dukani tu.

"Mwanangu Rangel, nimekuja kwa tangazo la Lyuben la mwaka huu. Weka picha ile ile anayocheka."

Tsonka ndiye aliyemwambia kwamba picha imefutika.

Wakamwita Mladenka, fundi wa kompyuta anayekaa ghorofa ya juu. Alihangaika mpaka jioni. Akarudisha picha chache, ya Lyuben haimo.

"Nani kafuta?" akauliza.

"Seva inasema msimamizi," Tsonka akajibu.

"Msimamizi yupi, nanyi nyote wasimamizi?"

"Ni bahati mbaya tu," Rangel akasema.

"Bahati mbaya gani? Ungekuwa na akaunti ya kawaida, seva ingekukatalia. Ya msimamizi ni ya kuweka programu mpya na kutengeneza mashine, ukimaliza unatoka. Kila mtu awe na yake, ijulikane nani kafanya nini. Na nakala za akiba zikae mahali akaunti hii haifiki."

"Yaani mke wangu asiniamini?"

"Akuamini jikoni. Kwenye seva hata mimi sijiamini. Kazi zangu nafanyia akaunti ya kawaida."

Wiki hiyo hiyo wakabadilisha kila kitu. Juzi Rangel alitaka kufuta folda nyingine, seva ikamwandikia kwamba hana ruhusa. Kutazama vizuri, ni picha za marehemu wa kijiji kizima.

Tangazo la Lyuben lilichapwa na msalaba mahali pa picha. Rangel alilipeleka mwenyewe na gundi, akambandikie mlangoni. Bibi Rada alilitazama sana.

"Nilidhani mnanitunzia picha yake," akasema. "Mimi macho yake nimeshaanza kuyasahau."

Akamnyang'anya gundi, akalibandika mwenyewe.