Jicho la Kushoto la Diwani

Jumatatu hiyo Theodosia alichemsha chai, akachambua mchele, akapiga pasi gauni lake jeupe la kazi, na hakuna chochote kilichomwonya. Alikuwa nesi wa zahanati huko Nyamwaga, mwaka wa pili tangu Serikali imtoe Bukoba kwa barua yenye mihuri mitatu na jina lake likiwa limekosewa mara mbili. Alipanga chumba kwa Rhobi, mama wa makamo mwenye migomba na ng'ombe sita, na aliishi na paka. Paka aliitwa Diwani, kwa sababu alilala mchana kutwa na hakukosa kuonekana chakula kikiiva.

Saa nne hivi, jua likiwaka, Diwani alikaa kizingitini akamtazama. Macho yake hayakufanana. Mboni ya jicho la kulia ilikuwa imejibana ikawa kama uzi, kama inavyotakiwa juani. Ya kushoto ilikuwa imefunguka yote, pana, nyeusi tii. Jicho moja lilikuwa mchana. La pili lilikuwa bado usiku.

Akamtia kapuni, akapanda bodaboda mpaka kwa afisa mifugo.

Afisa huyo, Elibariki, alifungua daftari kubwa, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini.

"Nesi, paka hayumo," alisema. "Kuna ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda na mbwa. Nikuandikie mbwa?"

"Andika tu, daktari."

"Matumizi ya mnyama. Nyama, maziwa au ulinzi?"

"Huyu kazi yake kulala."

"Basi ulinzi. Hata mlinzi wetu hapa ndiyo kazi yake."

Akawasha tochi ya simu, akalimulika jicho. Utani ukamkauka mdomoni. Akamulika tena, akiinama zaidi. Halafu akaizima tochi, akarudi nyuma hatua moja.

"Umeona nini?"

"Presha ya jicho imepanda." Akampa kichupa cha matone: asubuhi, mchana na jioni, mpaka Ijumaa. "Mboni isipojibana hiyo Ijumaa, jicho itabidi litolewe." Akaangalia mlangoni, akashusha sauti, ingawa mle ndani walikuwa wao na daftari tu. "Na ukimtia dawa, usilitazame sana."

Nesi yeyote angejua kwamba huo si ushauri. Huwezi kumtia paka matone bila kulitazama jicho. Unamshika taya, unainua kidevu, unafungua kope kwa kidole gumba, na uso wako unakuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi zake.

Mchana ule, kabla ya kwenda zamu, alimweka Diwani mezani. Ndani ya ile mboni nyeusi aliona chumba chake, kidogo kama kwenye kioo cha pikipiki. Dirisha. Kitanda. Benchi ya mbao aliyoikuta humo alipohamia.

Kwenye benchi kulikuwa na mtu.

Aligeuka. Benchi ilikuwa tupu.

Jioni yule mtu alikuwepo tena, na sasa alionekana ni mwanamke, kitenge begani, mikono juu ya magoti. Jumanne asubuhi alikuwa amesogea mwisho wa benchi. Jumanne mchana alikuwa amesimama.

Jumatano Theodosia alishindwa. Hakutia tone la asubuhi, hakutia la mchana. Aliporudi, ukungu mweupe ulikuwa umelitanda jicho, na Diwani, aliyekuja kumpokea, aligonga kichwa kwenye mguu wa meza. Hakulia. Alibaki palepale, akiusukuma mguu wa meza kwa paji la uso, kama anayeomba apishwe njia. Theodosia akachukua kichupa.

Alhamisi alimfuata Rhobi jikoni, akamkuta anamenya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mgonjwa wetu?"

"Yupo. Mama, kile chumba changu alikuwa anakaa nani?"

Kisu hakikusimama. "Mama aliyenioa."

Theodosia hakushangaa; alikwishazoea. Huku mjane asiye na mtoto wa kiume huweza kulipa ng'ombe akaoa mke, na watoto watakaozaliwa wakaitwa wa kwake.

"Alikuwa mtu mzuri," Rhobi alisema. "Jicho lake la kushoto lilivimba wakati wa kupalilia. Akawa anavaa kitenge chake cha kutokea kila asubuhi, anakaa kwenye benchi, anasubiri wa kumpeleka zahanati. Sisi tukasema tumalize shamba kwanza."

"Halafu?"

Rhobi aliitupa ndizi ndani ya maji.

"Shamba tulimaliza."

Ijumaa mchana. Dozi ya kabla ya mwisho. Jua lilikuwa limejaa chumbani mpaka chini ya kitanda. Theodosia alikuwa amekwishavaa gauni la kazi. Akamshika Diwani taya. Akafungua kope.

Ndani ya mboni, yule mwanamke alikuwa nyuma ya bega lake la kushoto.

Kichwa kimelala nyuma. Uso umetazama dari. Kwa vidole viwili ameshika kope zake mwenyewe, amezitenganisha, na jicho lililovimba liko wazi. Hakuwa akitisha mtu. Theodosia alikuwa ameuona mkao huo mara elfu pale zahanati. Ni mkao wa anayefuata kwenye foleni.

Akamtia Diwani tone lake. Hakugeuka.

"Haya, mama," alinong'ona. "Tazama juu. Usifumbe."

Akainua kichupa juu ya bega. Akabonyeza. Kwa pembe ya jicho aliliona tone likivimba, likaning'inia, likaachia.

Akasikiliza.

Akatazama sakafu. Saruji ilikuwa kavu.

Halikufika.

Karibu na sikio lake, mtu alishusha pumzi ndefu. Juu ya meza, mboni ya Diwani ikaanza kujibana, taratibu, mpaka ikawa uzi.

Jumatatu iliyofuata Elibariki aliandika katika daftari, "Mbwa amepona." Safari hii hakuomba kummulika.

Gauni lile Theodosia amelifua mara nyingi. Analianika juani kutwa, analipiga pasi ya mkaa, na kitambaa chote kinakauka. Pale begani kushoto panabaki pabichi, duara dogo lisilozidi kiganja. Ukipagusa, ni vuguvugu kama chozi.