Ufa Chini ya Stika

Kila Jumatano baada ya masomo, Maryori na mdogo wake Yesenia walizisukuma baiskeli hadi njia panda na kulisubiri jipu la baba yao. Mzee Ferney alikuwa akipandisha magunia matupu kwenye mashamba ya kahawa ya kijiji cha La Cuchilla na kuyateremsha yakiwa yamejaa. Wakati wa kupanda nafasi ilikuwa tele. Watoto wa klabu ya baiskeli walizifunga baiskeli zao nyuma kwa kamba, wakaning'inia pembeni na kuimba kwa sauti mbovu hadi kileleni. Kutoka huko walishuka kwa njia ya zamani ya nyumbu wa mizigo, iliyopita katikati ya mibuni na migomba. Yesenia, aliyekuwa na miaka kumi, alirudi na baba kwenye jipu kwa sababu klabu haikuwa na helmeti ya ziada. Alirudi akinuna, kila Jumatano.

Baiskeli zilikuwa za watoto wenyewe, lakini helmeti zilikuwa za klabu, kila mtoto akitunza aliyopewa nyumbani kwao. Mwalimu Nubia, aliyewafundisha, alikuwa mkali sana kuhusu helmeti hizo. Mtoto akifika chini aliulizwa kabla hata ya kunywa maji, "Umeanguka?" Aliyejibu ndiyo alivua helmeti ikakaguliwa, na kama aligonga kichwa, alipelekwa zahanati. Kanuni ilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa wenzake, ambao walimwita kila aliyeanguka "gunia" na kumwimbia wiki nzima.

"Gunia limedondoka! Kahawa imemwagika! Nani ataiokota?"

Maryori aliuimba wimbo huo kuliko wote. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na hakuwahi kuitwa gunia.

Jumatano moja ya mwezi wa saba alishuka wa mwisho. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na mawe yalikuwa yanateleza. Alipofika mahali panapoitwa Shingo la Nyumbu, ambapo njia inadondoka ghafla kati ya miamba, aliuona mzizi mnene umekatiza mbele yake. Badala ya kutazama anakokwenda, akaukodolea macho mzizi ule. Vidole vikaibana breki ya mbele kwa nguvu zote. Gurudumu likasimama, yeye hakusimama. Alirushwa juu ya usukani na kichwa kikapiga mwamba.

Alilala pale chali, masikio yakivuma. Juu yake majani ya mgomba yalikuwa yanazunguka, na upepo haukuwepo. Alipoweza kukaa, aliivua helmeti. Ufa ulianzia juu ya sikio ukapanda hadi utosini, na lile sponji gumu la ndani lilikuwa limepasuka kabisa. Aliupitisha kidole ufa ule. Lingekuwa fuvu lake lililopasuka hivyo.

Chini, Mwalimu Nubia alikuwa anangoja. "Umeanguka?"

Maryori aliigeuza helmeti, upande mzima ukatazama mbele. "Hapana, Mwalimu. Nimeteleza kidogo tu, nikashuka kwa miguu."

Jioni hiyo kichwa kilimgonga na hakuigusa arepa yake, ule mkate wa mahindi aliozoea kuumaliza wa kwanza.

"Mbona huli?" mama yake aliuliza.

"Jino, mama."

Mama hakupenda baiskeli tangu mwanzo. Maryori alijua akisema ukweli tu, ile baiskeli itatundikwa darini milele. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomtisha zaidi, na hilo hakuweza kujiambia hata yeye mwenyewe. Kila alipofumba macho, ule mwamba ulimjia usoni. Hata kuitazama baiskeli pale ukutani kulimtoa jasho la viganja. Hakutaka kushuka tena Shingo la Nyumbu, si kesho wala keshokutwa, na aliona haya hadi kwenye mifupa.

Jumapili ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria wa Karmeli, mlinzi wa madereva. La Cuchilla nzima huyapamba magari kwa maua na maputo, yakapita mbele ya kanisa, padri akayanyunyizia maji ya baraka. Huko hakuna gari bovu lisilo na Bikira mpya. Mtu ataacha tairi lake liishe mpaka liwe kipara, lakini stika ya Bikira hubadilisha kila mwaka. Mzee Ferney mwenyewe alikuwa na breki zinazolia kama nguruwe, na Bikira watatu kwenye kioo.

Mwaka huo alibakiwa na stika moja. Maryori aliiomba. Aliibandika kwenye helmeti, juu kabisa ya ufa, akaisugua kwa kidole gumba mpaka ncha zote zikashika. Ufa haukuonekana tena.

"Ehee! Hiyo sasa ndiyo helmeti ya dereva," baba alisema kwa furaha mbele ya madereva wenzake. "Bikira akikaa hapo, utapita popote."

Padri alipoinyunyizia maji, Maryori alifumba macho. Labda inatosha, alijiambia. Labda sasa imepona.

Baada ya baraka, desturi ya klabu ilikuwa kupanda kileleni na kushuka mmoja mmoja hadi uwanja wa kanisa, ambako wazazi walingoja kwa makofi na vikombe vya maji ya moto ya sukari guru. Jipu lilipowafikisha juu, miguu ya Maryori ikakataa. Alisimama kando ya baiskeli yake. Aliwasikia wenzake wakitaniana, lakini maneno hayakumwingia.

"Tumbo linaniuma," alimwambia Mwalimu Nubia. "Leo sishuki."

Mwalimu alimtazama usoni kidogo. "Haya. Pumzika."

Yesenia alikuwa ameshasikia. Alikuja mbio, macho yakimng'aa. "Dada, kama hushuki, nipe helmeti yako! Baiskeli yangu ipo nyuma ya jipu. Tafadhali, dada! Baba amekubali, Mwalimu naye amesema nikipata helmeti nishuke polepole nyuma yake. Halafu yako ina Bikira!"

Maryori alitaka kusema hapana. Lakini hapana ingehitaji sababu, na sababu ingehitaji ukweli. Alimvalisha. Mikono yake mwenyewe ilikaza kamba chini ya kidevu cha mdogo wake, na vidole vilikuwa baridi kiasi kwamba Yesenia alicheka.

"Unanitekenya! Mbona unatetemeka hivyo?"

"Nimekwambia naumwa. Nenda."

Watoto wakaanza kuondoka. Mmoja alizama kwenye mibuni, kisha mwingine. Yesenia alisogea kwenye foleni, nyuma ya Mwalimu Nubia. Maryori aliugandamiza mgongo kwenye ubavu wa jipu. Aliuona mwamba wa Shingo la Nyumbu, akauona mzizi, akaziona breki zikibanwa na vidole vidogo kuliko vyake. Akijitetea kwamba labda Yesenia hataanguka, moyo ulimjibu kwamba na yeye hakudhani angeanguka. Wimbo wa gunia ulimpigia masikioni. Mama atasema nini? Baba naye, aliyeisifia helmeti ile mbele ya madereva wote?

Yesenia aligeuka, akaigonga helmeti kwa kidole, ko ko ko. "Ngumu, dada! Hata jiwe litaumia!" Kisha akaweka mguu kwenye pedali.

"Msimwache aende!"

Maryori hakujua kama ile ilikuwa sauti yake. Alikimbia, akajikwaa, akalidaka gurudumu la nyuma kwa mikono miwili mpaka Yesenia akayumba.

"Dada! Unaniangusha!"

"Mwalimu, nilianguka," Maryori alisema, na machozi yakamtoka yote kwa pamoja. "Jumatano. Nilipiga kichwa kwenye mwamba. Helmeti imepasuka, nimebandika stika juu yake."

Mwalimu Nubia aliiegesha baiskeli yake. Alimvua Yesenia helmeti, akaibandua stika taratibu kuanzia kwenye ncha. Kisha akaishika helmeti kwa viganja na kuibana, si kwa nguvu sana. Ikaachana vipande viwili.

Kijana mmoja nyuma alianza, "Gu—" halafu akanyamaza. Mzee Ferney alikaa kwenye bampa ya jipu. Yesenia alivitazama vile vipande, akajishika kichwa, akaanza kulia kama mtoto mdogo. Maryori alitamani kumkumbatia na hakuthubutu.

Baba alimpeleka zahanati siku ileile. Daktari alimmulika macho, akamtembeza kwenye mstari, akamuuliza kuhusu maumivu, na safari hii Maryori alijibu kila kitu kama kilivyokuwa. Aliambiwa ubongo umetikisika. Ulikuwa unapona, lakini asingegusa baiskeli mpaka aruhusiwe, kwa sababu pigo la pili juu ya la kwanza lingeweza kumwondoa duniani.

Nyumbani alingoja kelele za mama. Hazikuja. Mama alikaa kitandani pembeni yake.

"Nilikuuliza mbona huli," mama alisema. "Ukaniambia jino. Ningeamka asubuhi nikukute umekufa, mwanangu, nami nalilaumu jino?"

Hilo lilimuuma Maryori kuliko ngumi. Mzee Ferney naye, bila kuulizwa na mtu, alilipeleka jipu kwa fundi wiki hiyohiyo likabadilishwa breki.

Daktari alipomruhusu, Mwalimu Nubia alimpeleka Shingo la Nyumbu kwa miguu, bila baiskeli. Walikaa kando ya ule mwamba na kula maandazi. Maryori alitazama pembeni muda wote.

"Uguse," mwalimu alisema. "Si mnyama."

Aliugusa. Siku nyingine walirudi na baiskeli, akashuka kipande cha mwisho tu, kile cha chini chenye mteremko mdogo. Kisha akaanzia juu kidogo zaidi. Mara kadhaa alifika mahali pa mzizi, akasimama, akateremka na kutembea.

"Leo naogopa," alikuwa akisema kwa sauti. Wenzake hawakumwimbia, na siku moja yule kijana wa "Gu" naye akasema, "Hata mimi," akateremka akaisukuma yake.

Asubuhi aliyoshuka njia nzima ilikuwa kavu na ya kawaida. Alisimama juu ya Shingo la Nyumbu, helmeti mpya ya klabu kichwani. "Tazama unakotaka kwenda," mwalimu alimwambia kutoka chini. Maryori aliinua macho, akayapeleka mbali, kwenye uwazi kati ya migomba. Akaachia breki kidogo. Mzizi ulipita chini yake, mwamba ukapita ubavuni, na gurudumu likatua kwenye udongo laini. Alisimama mbele ya Mwalimu Nubia akihema, miguu ikitetemeka hadi baiskeli nzima ikawa inatikisika.

"Nilidhani woga utakuwa umeisha," alisema, nusu akilia.

"Nani alikwambia unaisha?" Mwalimu Nubia alimshika bega. "Hata mimi ninao, kila nikishuka hapa. Woga si kosa, Maryori, na kuanguka si kosa. Ukisema unaogopa, tutashuka polepole, au tutatembea, au tutarudi nyumbani. Lakini wewe uliuficha woga wako, na mdogo wako ndiye aliyeuvaa kichwani."

Maryori aliinamisha uso. Alipojifuta machozi, aliigeuza baiskeli, ikatazama mlimani.

"Naomba nirudie, Mwalimu."

"Bado unaogopa?"

"Sana."

"Vizuri, umesema," Mwalimu Nubia alijibu. "Panda, nipo hapa."